Mtani Kwenye Simu ya Ofisi

Mimi sikuomba simu. Ninayo yangu, tena ya laini mbili, na zote mbili kutwa nzima hazilii ila kwa matangazo ya bahati nasibu. Lakini makao makuu Korogwe waliamua kwamba tawi la Handeni lifungiwe simu za mtandao, zile zinazopita kwenye intaneti, na wakaleta tatu. Tatu! Ofisi yetu ya mbegu na mbolea ina mtu mmoja, naye ni mimi, Mwantumu. Julius alihamishiwa Korogwe, Fausta akaolewa akaacha kazi, na nafasi zao mpaka leo hazijajazwa. Meza zao zipo palepale. Nazifuta vumbi kama vile wenyewe wameenda kunywa chai.

Fundi hata hakuja. Boksi lililetwa na gari la mbolea, naye akakaa zake Korogwe akinielekeza kwenye simu yangu ya mkononi. Jina lake Mikaeli Masanja.

"Dada, kuna kiboksi cha matundu mengi, ndiyo swichi yenyewe. Waya wa kwenye swichi unaingia kwenye simu. Halafu kompyuta unaichomeka nyuma ya simu."

"Waya mmoja vitu viwili?"

"Waya mmoja, lakini ndani tunatenga. Sauti ina mtandao wake, kompyuta ina wake. Ukituma ripoti huku unaongea, sauti isikatike."

Isikatike! Siku ya kwanza nilipotuma ripoti ya stoo tu, sauti zetu kwenye simu mpya zikawa kama za watu wanaokabwa koo. Kumbe upande wangu alisahau kutenga. Nikamuuliza, huyu Masanja ni mtu wa wapi? Akasema babu yake alitoka Unyamwezini, alikuja kama manamba kukata mkonge, na wao wakazaliwa hukohuko kambini.

Loo! Nikashika kiuno. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara. Ananitukana, namtukana, na mtani hanuniwi.

"Kumbe nimeletewa mpagazi!" nikamwambia. "Ndiyo maana sauti yangu unaibeba nusu ya njia, halafu unaidondosha porini!"

Akacheka. "Mzigua wewe, ingekuwa sauti nzuri ningeibeba kwa uangalifu."

Basi hapo nikampenda kama ndugu. Sikuwa nimetukanwa siku nyingi.

Alipomaliza kutenga huo mtandao wa sauti, aliniambia nijaribu simu zote. Nipige kutoka mezani kwangu, niende nikapokee mezani kwa Julius.

"Yaani nijipigie mwenyewe? Una wazimu?"

"Sasa kuna nani mwingine hapo?"

Nikapiga. Nikaacha mkono wa simu mezani, nikaenda, nikapokea. "Haloo?" Hakuna aliyeitika, angeitika nani? Nilisikia tu pangaboi lililoko juu ya meza yangu likizunguka, safi kabisa, bila kukatika. Nilisimama pale kitambo. Siwadanganyi, ile haloo iliniuma.

Tangu siku hiyo Mikaeli akawa anapiga kila asubuhi, eti anajaribu laini. "Mzigua, bado uko hai?" Na mimi, "Nife wewe ule ubwabwa wa nani?" Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku. Mteja akiingia anataja mbegu, anachukua, anaaga. Nyumbani nafungua mlango mwenyewe, nafunga mwenyewe. Mume wangu alishatangulia, mtoto sikujaliwa. Kwa mama yetu tulibaki wawili tu, mimi na kaka yangu Sabiri, naye alikuwa mgonjwa kule Kwaluguru.

Nilikuwa naogopa kitu kimoja, na nakisema wazi: kumzika Sabiri bila mtani. Mama alipofariki alikuja bibi mmoja Mnyamwezi wa Misima, Bibi Grasiana. Alijilaza kwenye mkeka wa mama, akapiga kelele, "Huyu hajafa! Anakwepa kunipikia!" Akaficha jembe la kuchimbia kaburi mpaka akapewa kuku. Wanawake walicheka, na mimi nikacheka na machozi yangu, ndipo tonge likapita kooni. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Bila yeye msiba unakukaa kifuani kama ugali mbichi. Sasa Bibi Grasiana naye amekufa, na wanawe wako Dar.

Sabiri alipofariki, hata sijalia, nilimpigia Mikaeli.

"Mtani, kaka yangu ametutoka. Njoo, nakutegemea."

"Nitakuja, dada."

Dada, si Mzigua! Ilinipasa nijue palepale.

Alikuja kweli, kwa basi halafu bodaboda, shati jeupe limepigwa pasi. Nilikuwa jikoni na wenzangu, nikawaambia, tulieni, mtani wangu amefika, sasa mtaona. Akanifuata, akainama, akanipa bahasha ya rambirambi kwa mikono miwili. "Pole sana, dada. Mungu ampumzishe." Akaenda kukaa na wanaume chini ya turubai, kimya, mikono magotini. Jembe likapita mbele yake, hakuligusa. Jeneza likatoka, akasindikiza kwa adabu. Jioni akaaga akaenda zake. Wallahi nilitamani kumrushia mwiko! Na machozi yenyewe yalinikatalia. Matanga yakaisha, mimi mkavu.

Nikarudi ofisini. Asubuhi simu ikalia.

"Dada Mwantumu, shikamoo. Pole tena. Nilikuwa najaribu laini, nijue kama unajisikia vizuri."

Shikamoo! Hajawahi kuniamkia hata siku moja.

"Wewe Mnyamwezi, umerogwa?"

"Dada, umefiwa. Nitaletaje mzaha?"

"Nani alikulea wewe?"

"Mama. Baba alikufa nikiwa mdogo, na mama ni mtu wa misheni, Lutindi. Kambini kila mtu na kabila lake. Utani naujua wa mpira na wa kwenye simu tu. Hakuna aliyenifundisha."

Hasira ikanipungua nusu. Nusu tu.

"Basi sikiliza. Msibani ndiyo kazi yako. Siku nyingine zote ni mazoezi. Nimemzika kaka yangu kimya kama mtu asiye na watu, Mikaeli. Nitukane."

"Dada, siwezi."

"Nitukane! Nimefiwa, sina mtu mwingine wa kumwomba!" Sauti ilinitoka vibaya, naye aliisikia.

Nilisikia akifunga mlango upande wake.

"Mzigua," akasema.

"Naam."

"Huyo Sabiri hakufa kwa ugonjwa."

"Kafa kwa nini?"

"Kwa mdomo wako. Maisha yake yote anakusikia wewe tu! Amekimbia, Mzigua. Amekwenda kuzimu kutafuta utulivu. Na wewe ukifa watamrudisha huku, maana hawezi kukaa na wewe mara mbili!"

Kicheko kilinitoka kwa nguvu, nikashika meza. Nilicheka peke yangu katika ile ofisi mpaka mbavu zikauma, na katikati ya kucheka kilio kikafika, kile kile kilichonikatalia Kwaluguru. Nikamlilia Sabiri kwa sauti. Mteja aliingia kutaka mbegu za mahindi, akaniona, akarudi nje akangoja barazani.

"Dada? Nimekosea?"

"Usiniite dada."

"Mzigua, nimekosea?"

"Hujakosea," nikamwambia. "Endelea, bado sijashiba."

Akaendelea.