Sifuri ya Mama Mkwe

Ofisini walimwita Bi Mizani, na jina lenyewe alilipenda. Shirika lao liligawa miwani bure kwa mafundi cherehani ambao macho yalikuwa yameanza kuwatupa mkono, na kazi yake ilikuwa kupima kila pesa ya wafadhili ilirudi mara ngapi katika mifuko ya watu. Mkurugenzi, mtu mwema mwenye mdomo mwepesi, alikuwa ameshawatangazia wafadhili kuwa inarudi mara tisa. Mkataba ulikuwa unakaribia kwisha. Usipoongezwa, mradi ungefungwa, na mafundi waliokuwa wakingoja kupimwa macho wangeendelea kujichoma sindano.

Hiyo tisa ilizaliwa ofisini. Mtu aliitwa, akavaa nguo yake ya kutokea, akapewa soda baridi, kisha akaulizwa: bila miwani hii ungekuwa wapi leo? Sasa nani atakunywa soda ya watu halafu aseme angekuwa palepale? "Ningekuwa ombaomba," walijibu karibu wote, wakitia chumvi kwa adabu kabisa. Bi Mizani alizisoma zile sifa, akazisukuma kando. Alichukua kalamu akawafuata mafundi kwenye vyerehani vyao, kazi ikiwa mikononi, soda hakuna.

Huko majibu yakabadilika. Wengi miwani ilikuwa imewaokoa kweli. Lakini mmoja alikiri kuwa wateja walimwongezekea kwa sababu duka la jirani lilihama, na mwingine aliivaa harusini tu, maana inampendeza. Bi Mizani akaipunguza ile tisa bila huruma.

Katika orodha alikuwamo mama mkwe wake. Alitaka mwenzake wa ofisini ndiye amhoji, lakini mama mkwe akaja juu: "Nihojiwe na mgeni, mkwe wangu yupo?" Ikabidi aende. Wawili hao walikuwa wakiamkiana tu, tangu alipojifungua mtoto wa kwanza. Mama mkwe, fundi wa kuwashonea maharusi, alimletea mjukuu wake gauni lenye mishono iliyopinda na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Bi Mizani alilipokea kwa tabasamu, akalitia chini kabisa ya sanduku. Aliona amedharauliwa, na jambo hilo liliendelea kumuuma.

"Shikamoo, mama. Bila miwani hii ungekuwaje?"

Mafundi wawili wa jirani walisimamisha vyerehani wasikie. Mama mkwe akanyoosha shingo.

"Marahaba. Ningenunua yangu. Kwani mimi nilikuwa sioni? Mmenipa, nimepokea, nisije nikaambiwa najidai."

Majirani wakaangua kicheko. Bi Mizani akaandika sifuri.

Jumla ikatoka tatu. Mkurugenzi alishika kichwa.

"Tatu? Umetuzika tungali hai! Basi angalau mtoe huyo mama mkwe wako."

"Huyo simtoi," Bi Mizani alisema. "Tatu hii waitikise watakavyo, haitaanguka. Tisa yako wakiigusa tu, tumekwisha."

Siku ya kikao, mkuu wa wafadhili, bibi mmoja mfupi asiye na haraka, alifunua kurasa moja moja. Mkurugenzi alikuwa akitokwa na jasho kama aliyetoka kupanda ngazi.

"Huyu aliyesema angenunua mwenyewe," bibi akauliza, "ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Umempa mama mkwe wako sifuri?"

"Ndivyo alivyojibu."

Chumba kizima kikavunjika mbavu. Bibi alicheka mpaka akavua miwani yake mwenyewe afute machozi. "Kila mtu ananiletea tisa, kumi, kumi na mbili," alisema. "Nimechoka kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Tatu hii naichukua." Akatia saini, na foleni ya mafundi ikapona.

Bi Mizani alitoka hapo kifua mbele, moja kwa moja hadi kwa mama mkwe kumpa habari. Alimkuta anamalizia gauni jingine la mjukuu. Akalinyanyua alitazame. Mishono ilikuwa imenyooka, mikono sawasawa, vifungo vimekaa kwa mstari. Habari aliyokuja nayo akaiweka kando.

"Mama," akasema taratibu, "na lile la kwanza?"

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitambaa, akachelewa kuirudisha usoni.

"Lile nilishona kwa kupapasa, mwanangu. Uzi sikuuona, sindano sikuiona. Kazi za wateja nilikuwa nazikwepa kwa visingizio, maana wangejua wangenikimbia. Na wewe ulikuwa mgeni kwetu. Ningekwambiaje?"

Bi Mizani aliona haya. Muda wote ule alikuwa amemnunia mtu aliyemshonea mwanawe gizani.

"Mbona nilipokuuliza ulisema ulikuwa unaona?"

"Mbele ya wale wambeya? Thubutu!"

"Nimekuandikia sifuri, mama. Ripoti imeshafungwa."

"Iache ifungwe. Hiyo ni ya wenyewe." Mama mkwe akavaa miwani, akamkazia macho. "Lile gauni baya, bado unalo?"

"Ninalo."

"Lilete nilifumue, nilishone upya."

Bi Mizani alivuta kigoda akakaa karibu naye kwa mara ya kwanza, magoti yakigusana chini ya cherehani.

"Thubutu, mama," akasema.