Mlango wa Bwanausi

Watu wote wa ukingoni walikuwa wamekwisha kupanda kilimani na mbuzi wao, mikeka yao na ugomvi wao. Aliyebaki ni Bi Mwanahija peke yake, naye hakubaki kwa ushujaa. Alikuwa edani. Mumewe, Bwanausi, alizikwa kabla masika hayajaanza, na mjane hatoki nyumbani mpaka eda yake iishe. Hilo kila mtu alilijua. Mto Ruvu ndio haukulijua.

Maji yalipoingia uani, aliyahamisha mafiga. Yalipoingia chumbani, alikipandisha kitanda: miguu miwili juu ya vinu, miwili juu ya vyungu vilivyofudikizwa. Huko juu akawa anapika kwenye gae, anaswali kwa kukaa, na kuku wake mmoja kajilaza mchagoni kama mke mwenza.

"Usijitanue," alimwambia. "Upande huo una mwenyewe."

Mwenyewe, alipokuwa hai, hakuwa mtu wa kuingia tu ndani kama wenye akili zao. Akirudi shamba atasimama nje ya mlango wake mwenyewe, agonge. "Hodi wenyewe!" Bi Mwanahija ajibu, "Hatupo!" Basi Bwanausi atacheka huko nje peke yake, ndipo aingie. Miaka nenda miaka rudi, mzaha uleule. Mtoto hawakujaliwa, pengine ndiyo maana nyumba ilitaka mtu wa kuibishia hodi. Sasa mjane alikuwa na hofu moja tu, nayo haikuwa mamba: akiiacha nyumba hii, ile hodi ataisikia wapi tena?

Asubuhi moja hodi ikapigwa kweli. Akageukia mlangoni.

"Hodi kwa marehemu!"

Alikuwa Sadallah, mtani wa Bwanausi, yule aliyejilaza kaburini siku ya maziko akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Alikuja na mtumbwi, kaupa mlango mgongo ili asimwone mwanamke wa eda. Alikuwa amepiga kafi kinyumenyume tangu kilimani, na miiba ilikuwa imebaki na nusu ya kanzu yake.

"Usiingie! Nimo edani."

"Umo majini, shemeji. Eda hiyo ya kambale?"

"Niache na mume wangu."

"Mumeo yuko pakavu, nilimchimbia mwenyewe. Mwalimu wa chuoni amesema dharura inaruhusu. Toka."

"Mwalimu yuko wapi?"

"Kilimani."

"Basi ndiyo maana fatwa yake haijalowa."

Sadallah alicheka, lakini ukuta wa nyuma haukungoja mabishano. Ulikuwa wa udongo, nao udongo ulishachoka. Uliteremka majini taratibu, kama mzee anayekaa kitako, na mto ukaonekana wote kupitia chumbani. Kuku alipiga kelele. Bi Mwanahija alitazama mlango uliosimama bado upande wa pili, akajifunika shuka gubigubi.

"Nitatoka," alisema. "Ila mlango tunakwenda nao."

"Wenzio wameokoa mchele, wewe mlango!"

"Ung'oe. Na macho ufumbe."

"Nimefumba!"

"Mbona umemkwepa kuku?"

Kilimani, jirani yake Mwaija alimpa kona ya ua wake mpya. Wakamsimamishia kibanda cha makuti ajistiri humo amalizie eda, na mbele yake ule mlango wa mvule, mzito kuliko kibanda chote. Siku za mwanzo kila aliyepita nje aligonga kwa mzaha. "Hodi kwa mwenye mlango!" Bi Mwanahija aliwaitikia kwa adabu, "Karibu," kama anavyoitikiwa mgeni, na lile jibu la Bwanausi hakumpa mtu. Hata Sadallah, aliyegonga mpaka mkono ukamuuma, hakulipata.

Kisha maji yakapungua. Watu wakashuka mashambani kuwahi mpunga uliosalia, Mwaija naye akafuata, na mchana kutwa kilima kikabaki na upepo.

Alasiri moja upepo uliusukuma mlango, ukagonga nguzo. Ko, ko. Kuku akainua shingo. Bi Mwanahija alisogea upande wake wa mkeka, ule mwingine akauacha wazi.

"Hatupo," akasema.

Akatega sikio. Nje hakucheka mtu.