Viazi Vilivyotazama Magharibi

Mti wa kowhai ulio nyuma ya tangi la maji ulipotoa maua yake ya kwanza ya manjano, Rawinia alijua baridi imeanza kuaga, akaenda kutengeneza kitalu. Alitandaza samadi ya farasi, akamwaga mchanga wa mtoni juu yake, kisha akalaza mbegu za viazi vitamu, vichwa vikielekea mashariki, jua linakochomoza, kama alivyofundishwa na bibi yake. Mwaka huu bustani ilikuwa yake kuipanga, maana magoti ya Bibi Heni yamegoma. Alikuwa ameshapigilia vijiti na kufunga kamba: maharage huku, maboga kule, na penye jua zaidi pa viazi. Dawa ya dukani haingii. Ni samadi na mwani tu.

Mbegu zilikuwa kikapu kimoja. Ni viazi vya kale, vyembamba kama vidole, alivyoviacha mama yake Bibi Heni. Vingine vyote vilioza ghalani kwa unyevu. Hivi visipochipua, aina hiyo imekwisha.

Asubuhi vilikuwa vimegeuka. Vichwa vyote vilitazama magharibi, kwenye ua wa waya uliowatenga na shamba la jirani yao Lindsay.

"We mtoto," Bibi Heni alisema kutoka barazani, "jua lako wewe linachomozea kwa Lindsay?"

"Nilivipanga sawa, Bibi."

"Ulivipanga sawa umefumba macho."

Rawinia alirudi kitaluni. Alivigeuza kimoja kimoja, mchanga wa baridi ukimwingia kwenye kucha. Kesho yake vikawa vimegeuka tena. Safari hii bibi alikokota kiti mpaka kando ya kitalu, akajifunika blanketi miguuni, akatazama. Chai yake haijapoa, kiazi cha mwanzo kikajipinda polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani. Vingine vikafuata.

"Kumbe hukukosea," bibi alisema. "Niongezee chai."

Ng'ambo ya waya ndiko ilikokuwa bustani ya mama yake Bibi Heni. Wakati wa vita serikali iliichukua iwe uwanja wa ndege, ikaahidi kuirudisha vita vikiisha. Vita viliisha, uwanja ukauzwa kwa babu yake Lindsay. Sasa ng'ombe walilala pale.

"Ulisema visipotazama jua havichipui," Rawinia alisema.

"Nilisema. Vyenyewe havikunisikia. Viache."

Mchana Lindsay alikuja na mbwa wake, akaegemea nguzo ya ua.

"Vinatazama huku, siyo? Hata nyasi zangu za upande huu hulala kuelekea kwenu. Mwaka huu sipulizi dawa karibu na waya, Bibi Heni. Nisije nikakuharibia."

"Ahsante, baba. Na shamba je?"

Lindsay aliwatazama ng'ombe wake. "Shamba mimi nimelikuta, bibi."

"Na mimi nilikukuta unanyonya. Rawinia, mpe andazi."

Alilila palepale, akaomba la pili, akapewa.

Viazi vilichipua. Ndege wa masika waliporudi, Rawinia aliyahamisha machipukizi hadi penye jua, kati ya kamba zake. Kiangazi chote aliinua matawi yasishike mizizi hovyo, na kila alipogeuza mgongo yakapita chini ya waya. Alipochimba matuta yake wakati wa mavuno, alikuta nyungunyungu wanene na udongo mzuri mweusi. Kiazi, hakuna hata kimoja. Akaketi juu ya tuta na kikapu kitupu mapajani.

Lindsay ndiye aliyekuja, ndoo mkononi.

"Vyenu hivi. Vimejaa kule kwangu, ng'ombe nusura wavimalize."

Rawinia aliinuka haraka, kikapu kikamponyoka. Vilikuwa vyenyewe, vyembamba kama vidole, vingi kuliko mbegu. Bibi Heni alikuja taratibu na mkongojo wake mpaka kwenye waya, akakinga aproni. Lindsay alivipitisha kimoja kimoja kwa upole, kama anayepokeza mayai. Kila kimoja alikifuta kwanza kwa kidole gumba, na udongo ukaanguka upande wake wa ua.

"Hongera kwa mavuno, bibi," alisema.

"Ahsante, baba. Jumapili njoo ule."

Alipoondoka, Bibi Heni alivipekua vile viazi mpaka akapata kimoja chenye mkunjo, na ndani ya mkunjo udongo wa ng'ambo ya waya, ambao kidole cha Lindsay hakikuufikia. Akampa Rawinia.

"Hiki," alisema, "usikioshe."