Kopo Lililovimba

Mtaani walimwita Mikogo, na jina halikumwonea. Fundi rangi gani mwingine aliyetia alama yake kwenye kona ya kila geti alilolipaka, kana kwamba ni picha ya kutundikwa ukutani? Ndiyo maana bibi yake, kwa utani wa bibi na mjukuu, alipomwambia, "Mume wangu, hii rili mpelekee mtu anayejua vyuma vidogo," alihisi ametukanwa.

"Bibi, chuma ni chuma. Kiwe geti, kiwe kijiko."

"Haya, bwana mkubwa. Mke kashasema."

Rili yenyewe ilikuwa lile gurudumu la kukunjia mshipi, la kijani, rangi imebambuka mabaka mabaka. Bibi alivulia nayo bwawani enzi za miguu yake mizima. Sasa nyonga ilikuwa imevunjika na kuungwa vibaya, wala hakuweza kutoka kitandani bila kuinuliwa. Kila asubuhi aliipakata rili mapajani akaizungusha, tiki tiki tiki, akiusikiliza mlio wake kama wengine wanavyosikiliza redio. Mjukuu alitaka kumrudishia ikiwa inang'aa mpaka ajione meno.

Basi aliifungua kwenye chumba cha mbele, alikofanyia kazi. Mkono, springi, magurudumu ya meno, vyote alivipanga juu ya gazeti. Aliichukua parafujo ya mkono akaisogeza kwenye sumaku yake ya kushikia misumari. Parafujo ikarukia, tap! "Chuma," akajisemea, na uchunguzi ukaishia hapo. Mwili wa rili hakuugusisha na sumaku. Alikoroga maji na soda kali, ile ya kuchubulia rangi ya mageti, akautumbukiza mwili huo ndani ya kopo la lita nne, kisha akakigonga kifuniko kwa nyundo pande zote ili harufu isimfikie bibi. Kopo akalisukuma chini ya meza ya kazi, kando ya mlango wa chumba cha bibi. Upande wa pili wa meza jiko la mkaa lilikuwa linachemsha birika.

Akarudi kwenye geti lake, akalisugua kwa msasa huku akipiga mluzi. Kwa muda mrefu kopo lilikaa kimya kama mgeni mwenye adabu. Soda ilikuwa bado inakula rangi. Ilipomaliza rangi, ikakutana na kilichokuwa chini yake.

Sssss.

Mluzi ulimkatikia mdomoni. Aliinama. Kifuniko, alichokiacha bapa, kilikuwa kimetuna kama tumbo. Alilisogezea kopo kiganja, akakirudisha upesi: lilikuwa la moto, na hakuna aliyelitia moto.

Hapo ndipo yalipomrudia maneno ya aliyemfundisha kazi. Mzee huyo aliitwa Chongo, na hakuzaliwa hivyo; tone moja la soda lilitosha. "Soda haidhuru chuma," alikuwa akisema, "lakini alumini inaila kama mchwa. Na ikila inatoa gesi, na gesi hiyo ikiona moto haiulizi njia." Siku ile Mikogo alikuwa akisikiliza kwa sikio moja. La pili alikuwa amelipa likizo.

Alumini. Gesi. Jiko.

Kilichofuata hakukiamua yeye, miguu ndiyo iliyoamua. Alishtukia mlango wa mbele umepiga ukuta kwa kishindo, naye yuko barabarani, jua linampiga usoni. Kwa mwoga kwenda kicheko, kwa shujaa kwenda kilio. Wahenga walisema, na wahenga hawakuwa wajinga. Ila wahenga hawakuwa na bibi ndani ya chumba ambacho mlango wake pekee unatokea kwenye kopo. Na dirisha? Dirisha lilikuwa na nondo. Alizipaka mwenyewe, akatia na alama.

"Mume wangu!" sauti ikaita kutoka ndani. "Nani kafungua mlango hivyo?"

Alitamani mtu mwingine ajibu.

Dobi wa ng'ambo ya barabara aliinua pasi yake. "Vipi Mikogo, umemwona anayekudai?"

Alirudi ndani, kila hatua akiivuta kama mtu anayetembea kwenye tope. Kwanza jiko. Alilishika masikio kwa matambara mawili, birika likiwa juu yake, maji yakimrukia vidole, akalitoa mpaka barabarani. Kisha akalowesha gunia akalitupia kopo. Chini ya gunia sauti ilikuwa imebadilika. Sasa bati lilikuwa linalia, teng, teng, kama kitu kinachobisha hodi.

Aliingia kwa bibi. Bibi alimtazama mara moja tu.

"Umekuwa mweupe kama chokaa. Nani amekufa?"

"Hakuna. Twende nje tukapunge upepo."

"Upepo? Wewe, ambaye jana nimekuomba unigeuze ukasema ngoja?"

"Bibi." Sauti ilimtoka nyembamba, ya mtoto. "Nimekosea. Kopo litapasuka. Naogopa."

Bibi hakucheka. Aliinyoosha mikono yake miwili. "Basi nibebe. Maneno hayabebi mtu."

Alimtia mgongoni, mikono yake myepesi ikamzunguka shingo, nyonga ikamfanya bibi augue kwa maumivu. Wakafika mlangoni mwa chumba. Teng. Gunia lilikuwa linafuka. Alipima kwa macho: wapite meza, wapite geti, wafike barabarani. Alishanyanyua mguu ndipo alipoelewa. Akitoka hivi, akikimbia anavyotaka kukimbia, kilichokuwa nyuma yake ni mgongo wa bibi. Kopo likipasuka, litampata bibi kwanza.

Mwili wote ulimkatalia. Hata hivyo aligeuka. Alilielekezea kopo uso wake, macho yake mawili aliyoyapenda kuliko vyote, akaanza kurudi kinyumenyume, akipapasa sakafu kwa kisigino.

"Kushoto," bibi akamnong'oneza sikioni, shingo ameigeuza nyuma, yeye ndiye aliyekuwa akiona njia. "Kuna ngazi ya mbao. Kushoto tena. Usiharakishe, mume wangu."

Jasho lilimwingia machoni na hakuthubutu kulifuta. Teng. Teng. Kisha kimya, na kimya kile kilimtisha kuliko kelele zote.

"Kizingiti," alisema bibi.

Kisigino kiliposhika kizingiti, kopo lilipasuka. Kifuniko kilipiga meza kwa chini, gunia likaruka, povu la kijivu likatapakaa kwenye miguu ya meza na kwenye mlango wa chumba, pale pale walipokuwa wamesimama. Matone mawili yalimfikia kwenye mkono. Mengine yaliishia sakafuni yakichemka.

"Mikogo!" dobi akapiga kelele. "Leo umekuwa gari, unatoka kwa rivasi?" Halafu aliuona mkono, akaacha mzaha, akaja mbio na ndoo, akaumwagia maji, na maji, na maji.

Rili ilitolewa kwa koleo siku hiyo hiyo, nyeusi, ina vishimo kama uso uliougua ndui, ukingo mmoja umeliwa. Mikogo aliisuuza, akaisugua kwa msasa laini, akapaka praima, rangi ya kutangulia, akaacha ikauke, kisha akaipuliza kijani, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, akairudishia vyuma vyake. Vishimo vilibaki. Rangi haijazi shimo.

Bibi aliipokea kitandani akaigeuza geuza. "Alama yako iko wapi?"

"Hii haistahili alama."

Akaizungusha. Tiki tiki tiki, gr, tiki tiki. "Hapa inagota."

"Ukingo umeliwa. Nipe niupige tupa, utalainika."

Bibi hakuitoa. "Siku ile niliusikia mlango," alisema. "Ulipiga ukuta kabla hujaingia kwangu."

Kwa Mikogo ikawa kama vile kopo bado liko chini ya meza. Angeweza kusema alikuwa anatoa jiko.

"Nilikimbia, Bibi."

"Najua. Nikajiambia, basi, nimeolewa na mkimbiaji." Aliuzungusha mkono wa rili polepole, mpaka ilipogota, akaishikilia pale pale, akamtazama mkono wake uliofungwa bandeji. "Hiyo tupa achana nayo, rili iache igote. Na alama utie, hapa kwenye ukingo."