Sindano ya Mafua ya Haji Abdelbari

Haji Abdelbari alikuwa ameuza dawa mjini Mansoura kwa miaka thelathini, na sasa mguu wake mwenyewe ulikuwa unaoza mbele ya macho yake. Kidonda cha kisukari. Madaktari walitaka kuukata kesho asubuhi. Alikataa kutia sahihi, akimngoja binti yake Safinaz, mtafiti wa chuo kikuu, aliyechukua usaha wa kidonda kwenda kuupima.

Safinaz aliingia wodini na visahani viwili vya kioo, vimezibwa kwa utepe.

"Hivi hapa vijidudu vyako, baba."

Katika kisahani cha kwanza kulikuwa na vipande saba vya karatasi, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Vijidudu vilikuwa vimeota mpaka juu ya vipande vyote, bila woga. Haji akasoma majina ya dawa. Zote alikuwa anaziuza.

Kisahani cha pili kilikuwa na kipande kimoja tu, na duara safi kukizunguka. Humo hakikubaki kijidudu hata kimoja.

"Hii dawa gani? Imetoka Ulaya?"

"Ni moja ya hizo saba, ile ya sindano yako ya mafua."

Sindano ile! Kila msimu wa baridi mtaa mzima ulijipanga kwenye kaunta yake. Chafya mbili tu, anawadunga. Na wa kwanza kudungwa alikuwa yeye.

"Unanitania, binti."

"Sikutanii. Vijidudu vimeizoea, vinaikatakata kabla haijaingia. Nimeificha ndani ya chembe za mafuta, ndogo kuliko kijidudu chenyewe. Zinakigandia, zinamwaga dawa ndani."

"Basi nipake! Unangoja nini?"

"Panya sita niliowajaribia, watatu walikufa kwa figo."

"Nifanye panya wa saba!"

"Wale sikuwalilia, baba."

Simu ya Haji ikalia. Alikuwa Umm Hamdi, jirani wa duka lake.

"Haji, napiga chafya tangu jana! Nani atanidunga?"

Macho ya Haji yalikuwa yameganda kwenye kisahani cha kwanza.

"Hakuna sindano. Chemsha majani ya mpera."

"Kulikoni? Kisukari kimekupanda kichwani?"

"Chemsha majani, mwanamke! Sindano hiyo hiyo ndiyo inayonikata mguu!"

Akakata simu. Akamnyoshea Safinaz mkono.

"Lete kalamu, waukate."