Mlio wa Pili

Ka. Kisha kimya.

Gizani, kabla ya adhana ya alfajiri, Zuhura alikaa kitandani na bastola mapajani, akingoja mlio wa pili. Siku zote bastola ile ilikuwa na milio miwili: ka, nyundo ikianguka, halafu ti ndogo, triga ikirudi mahali pake baada ya kidole kuachia. Leo ti haikuja. Triga ilibaki nyuma, imelala.

Haikuwa bastola ya kuua. Ilikuwa mali ya shule ya Mitole, ya kuanzishia mbio. Mdomo wake umezibwa, kazi yake fataki na moshi tu, na fataki zenyewe hukaa kabatini kwa mwalimu mkuu, Leonadi. Miaka yote aliyojitolea pale shuleni, Nassibu, mumewe Zuhura, ndiye aliyeipiga. Kisha ajira ikamkumbuka, lakini ikamkumbukia Kibondo, huko mwisho wa nchi. Akaondoka na begi moja, akamwachia mkewe bastola aitunze, na Siti, binti yao, ambaye hata kuhesabu vidole vyake bado.

Mwaka huu Mwalimu Leonadi alimwomba Zuhura aanzishe mbio yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimpakilia mumewe fataki. Mbio zilikuwa kesho asubuhi. Alisema bastola ikigoma watatumia filimbi, si msiba. Kwa Zuhura ulikuwa msiba. Alikwishamwahidi Nassibu kwamba atampigia simu mbio zikianza, ausikie mlio na watoto wakishangilia, ajione yupo. Filimbi ni filimbi tu. Hata trafiki anayo.

Kulipopambazuka akampigia. Nassibu akamwelekeza kama yuko mbele ya ubao. Kwanza afungue silinda aangalie matundu yote kama ni matupu, hata kama ana hakika. Aizungushe kwa kidole. Ikazunguka. Aivute nyundo kwa dole gumba, kisha aguse triga. Nyundo ikaanguka vizuri, lakini triga haikurudi. Basi, alisema Nassibu kwa sauti iliyopoa, nyundo haina neno, silinda haina neno. Iliyochoka ni springi ya kuirudisha triga, na springi hiyo Kilwa nzima huipati.

"Mbona jana mchana ilirudi?" Zuhura akauliza.

"Labda ina wivu. Inamtaka mwenyewe."

"Si yenyewe tu inayomtaka mwenyewe."

Akaaga, akaiweka simu chini.

Wifi yake, Sauda, alikuwa uani anawasha jiko, na masikio yake hayakuwa na likizo. Akacheka, akasema kaka yake aliposa mwalimu wa chekechea, kumbe kaoa fundi bunduki. Zuhura akachukua kitana, akamketisha Siti kwenye mkeka amsuke. Mtoto akaiinamisha chupa ya mafuta kama kawaida yake, akaitikisa, hakikutoka kitu. Akaanza kulia kwamba mafuta yamekwisha.

Sauda akamwambia aiweke juani. Hiki ni kipupwe, mafuta ya nazi huganda kila asubuhi. Mchana yatayeyuka yenyewe.

Kitana kikasimama katikati ya nywele.

Tangu Nassibu aondoke, kila Ijumaa Zuhura aliifuta bastola ile, na katika kila upenyo aliitilia tone la mafuta ya nazi kutoka chupa hiyo hiyo. Ndivyo alivyolelewa: unachokipenda unakipaka nazi, kiwe kichwa cha mtoto au mguu wa bibi. Alitaka mwenyewe akirudi aikute inang'aa.

Akatafuta mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Akaosha ndani ya triga, akasuuza, akafuta kwa kitambaa, akarudia. Pakatoka uji mweupe uliochanganyika na vumbi la miezi yote ya kungoja. Ilipokauka, Sauda, bila mzaha safari hii, akampa tone moja la mafuta ya cherehani yake.

Mchana alipomweleza Nassibu, alicheka mpaka akakohoa.

"Umeipaka kama nywele za Siti, mke wangu?"

"Mwenyewe hayupo nimpake."



Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi, umande bado uko kwenye majani, mistari ya majivu imechorwa uwanjani. Sauda alisimama pembeni na Siti, na Siti ameishika simu sikioni kwa mikono miwili. Watoto wakainama. Zuhura akanyoosha mkono juu, kiwiko hakikupinda, kama alivyokuwa akinyoosha Nassibu, akavuta.

Paa! Moshi ukapanda, miguu ikatimka, uwanja mzima ukapiga kelele. Katikati ya kelele zile, chini ya kidole chake, Zuhura aliisikia peke yake: ti.

Akawaendea upesi. Sauda alikuwa ameinama anamuuliza mtoto baba anasemaje. Siti hakuitoa simu sikioni. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akamtazama mama yake.

"Baba analia," alisema.