Maneno Sita kwenye Kitambaa

Dada yangu Honorata alirudi Kigoma Jumanne mchana, akiwa na begi moja na cherehani ya mkono iliyofungwa kwenye shuka. Miaka kumi na minane ya Bujumbura, na mzigo ndio huo. Nilimpokea stendi, nikabeba cherehani, tukapanda bajaji hadi kwangu Buzebazeba. Njiani alifumba macho. Nilidhani ni barabara ya Manyovu imemchosha.

Nilimpa maji ya kuoga, nikamwekea ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani kwetu. Alikula matonge matatu, akanawa. Halafu akaangalia makochi yangu, moja baada ya jingine.

"Vitambaa viko wapi?"

"Vitambaa gani?"

"Melania, kila Krismasi nakutumia kitambaa cha kochi. Nimeshona kwa mkono wangu. Viko wapi?"

"Kabatini," nikasema. "Vumbi la hapa unalijua."

"Sawa. Nipe kile cha mwisho. Alichokuletea Castory dereva mwezi wa nane, chenye maneno."

Sikuinuka. Kabatini hakukuwa na kitambaa hata kimoja. Mimi sipendi vitambaa vya makochi. Vinateleza, vinakunjamana, mtu akikaa vinamfuata mgongoni. Nina watoto watatu na kazi ya stoo kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Kila kilipofika nilikiacha kwenye mfuko wake wa nailoni, na ikitokea kitchen party au kipaimara, zawadi ipo tayari. Nilijiona mwerevu.

"Kile nilimpa Dainess," nikasema. "Binti wa Esther, jirani. Aliolewa mwezi wa kumi."

Honorata akaunyanyua upindo wa sketi yake, akageuza bitana ya ndani. Palikuwa na kitambaa kingine kimeshikizwa kwa nyuzi ndefu. Maua ya bluu pembeni, na katikati maneno sita ya Kiingereza.

"Hii ni nusu," akasema. "Nusu nyingine ilikuwa kwako. Ukiunganisha maneno yote ndiyo hela yangu yote."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama anavyomweleza mteja kwa nini gauni halitakuwa tayari.

Kule Burundi mtu wa kawaida haingii benki na faranga zake akatoka na dola. Bei ya benki imebandikwa ukutani, dola zenyewe hazipo. Mtaani zipo, kwa bei zaidi ya mara mbili, na anayeuza na anayenunua wote wanaangalia nyuma. Ukitaka kuvuka na faranga zako, kuna kiasi kilichowekwa, ukizidisha zinabaki mpakani. Na hata ukizivusha, Kigoma nani anazitaka? Kila mwaka zinanunua pungufu. Mume wake alipofariki, mashemeji wakachukua nyumba, naye akabaki na alichojiwekea kwa kushona sare za shule na magauni ya harusi. Kila mwezi kilikuwa kinayeyuka akikiangalia.

Mteja wake mmoja, Shadia, anayechukua vitenge Uvira, Kongo, ndiye aliyemwonyesha dola za kwenye simu. Hazishikiki, hazikai benki. Ziko kwenye mtandao, na simu ni mlango tu. Simu ikipotea unachukua nyingine, unaandika maneno kumi na mawili kwa mpangilio wake, mlango unafunguka. Bila maneno hayo hakuna wa kumwendea, hakuna ofisi, hakuna meneja. Honorata alinunua kidogo kidogo kwa miaka miwili.

"Kwa nini hukuyakariri?"

"Kiingereza nakijua? Niliyachora herufi kwa herufi, kama ninavyochora ua. Karatasi nikachoma. Nilipofika karibu na mpaka nikafuta kila kitu kwenye simu."

"Na kwa nini uliyagawa?"

"Baba alifanyaje?"

Baba alikuwa akipeleka mawese Rumonge, Burundi, kwa boti. Stakabadhi ya mzigo aliichana katikati. Nusu ilikwenda na mzigo, nusu ikafuata na boti nyingine, na mnunuzi hakupewa pipa hata moja mpaka vipande vikutane. Boti moja ikikamatwa au mtu mmoja akiingiwa na tamaa, ana kipande kisicho na kazi. Kwetu ndivyo tulivyokua. Hata barua za shule aliwahi kuzichana.

"Ungeniambia, dada."

"Kwenye simu? Nilikuambia ukitunze vizuri. Ukasema sawa dada."

Kweli nilisema. Nilikuwa naandika mifuko ya saruji iliyoingia, simu nimeibana kwa bega.

Dainess ameolewa na mvuvi wa kijiji cha Mwamgongo. Kesho yake niliomba ruhusa kazini, tukashuka Kibirizi kupanda boti. Ilijaa magunia ya unga, kreti za soda na mbuzi mmoja aliyekanyaga kiatu changu mpaka tulipoipita Gombe. Honorata alikaa amekumbatia mkoba. Karibu na Mwamgongo ndipo aliponiuliza, macho yakiwa majini.

"Na kile cha maua ya njano? Cha mwaka aliofariki mama?"

"Niligawa."

"Na cha ndege?"

"Dada, nimegawa vyote."

Hakuuliza tena. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Dainess alitupokea kwa furaha, akatuita mama wakubwa, akatandika mkeka. Mama mkwe wake, Bibi Regina, alikuwa uani anaanua dagaa. Tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mmeleta nini?"

"Tumefuata, bibi," nikasema. "Kuna kitambaa nilimpa Dainess kwenye kitchen party. Nilikosea, hakikuwa changu cha kutoa. Nitamletea kingine na sufuria juu yake."

Dainess akamwangalia mkwewe. Mkwewe akaendelea kuanua dagaa.

"Kile cha maneno?" akasema Bibi Regina. "Nilikifumua."

"Ulifumua nini?"

"Maneno. Mtu anayemtakia bibi harusi mema anaandika Karibu Nyumbani. Anaandika Mungu Ibariki Nyumba Hii. Nikamwambia huyu asome, si kafika kidato cha nne? Akasema limau. Akasema kobe. Wewe mama, limau na kobe zinahusiana nini na ndoa? Nani kamtumia mwanangu kobe ndani ya nyumba?"

"Hayo mengine yalikuwa yapi?" nikamuuliza Dainess.

"Sikumbuki, mama. Nilijua hayo mawili tu."

"Nikasema huu ni mkono wa mtu," Bibi Regina akaendelea. "Nikakaa na wembe, nikatoa uzi wote. Maua nikaacha, maua hayana neno. Uzi nimeshonea nyavu."

Nilitamani kucheka. Niliogopa nikianza sitaweza kuacha.

Honorata akauliza, "Kiko wapi chenyewe?"

Dainess akaingia jikoni, akatoka nacho. Walikuwa wanaepulia sufuria. Kilikuwa na masizi na mafuta ya mawese, na pembe moja imeungua. Honorata akakipokea kwa mikono miwili. Akaenda hadi ziwani, akapiga magoti kwenye mchanga, akakifua taratibu kwa sabuni ya kipande bila kukisugua. Kisha akakinyanyua kuelekea jua.

"Njoo," akaniita.

Nikaenda. Sikuona kitu. Kitambaa cheupe, kichafu kidogo.

"Sindano ikipita inaacha tundu," akasema. "Kitambaa hiki ni kizito, na nilishona uzi mara mbili. Toa kalamu."

Alipitisha kidole polepole, akafumba macho, akafumbua, akakigeuza. Alikuwa ananitajia herufi hata majina yake hayajui vizuri: "fimbo imesimama, haina kitu juu", "duara limekatika ubavuni", "milima miwili imeshikana". Mimi naandika. La kwanza likatoka limau. La pili ngazi. La tatu kobe. Bibi Regina, aliyekuja kusimama nyuma yetu, akaguna. La nne mto. La tano mwavuli, hilo lilituchukua karibu saa nzima. La sita lilikuwa kwenye ile pembe iliyoungua. Herufi mbili za mwanzo tu ndizo zilizobaki, s na a.

"Basi," akasema Honorata. Akakaa mchangani.

Tulilala kwa Dainess, asubuhi tukarudi na boti. Mimi ni mtu wa stoo. Kitu kikikosekana sikai kulia, naangalia orodha. Kwenye boti nilimuuliza, haya maneno mtu anayatunga mwenyewe? Akasema hapana, simu ndiyo inayatoa. Kama simu inayatoa, basi yako mahali yameandikwa. Tuliposhuka Kibirizi nikaenda moja kwa moja stationery moja mtaani Mwanga, nikaomba wanitafutie. Orodha ipo wazi mtandaoni, maneno elfu mbili na arobaini na nane, yamepangwa kwa alfabeti. Yanayoanza na herufi zetu mbili yalikuwa kumi na tisa.

"Kumi na tisa," nikamwambia Honorata. "Tunajaribu moja moja."

Nyumbani akarudisha programu kwenye simu yake, mimi nikawa naandika, yeye anasoma herufi kutoka kwenye vitambaa vyote viwili. La kwanza likakataliwa. La pili. La tatu, la nne, la tano. Kila mara ni maneno kumi na mawili upya. Mwanangu Shukrani akaja kuuliza tunakula nini, nikamwambia mkate upo.

La sita lilikubali.

Honorata akainuka nusu. Skrini ikafikiria, kisha ikafunguka. Ndani hamkuwa na kitu. Sifuri.

Hakupiga kelele. Alijilaza sakafuni pale pale, shavu kwenye sementi, kama mtu aliyesimama foleni siku nzima na dirisha likafungwa. "Wameniwahi," akasema. "Miaka kumi na minane, Melania."

Nami nilikaa. Nilifikiria kwenda kuwapigia wanangu simu, nikakumbuka wako chumba cha pili. Kisha nikaangalia orodha. Kumi na matatu yalikuwa bado.

"Dada, inuka. Huenda hata neno lisilo lako likafungua mlango, ila wa mfuko mwingine mtupu, si wako."

"Niache."

"Sikuachi. Nisomee tena kuanzia mwanzo."

"Nisome nini, wewe? Wewe unatunza nini?"

Nikachukua vitambaa mwenyewe. La saba likakataliwa, la nane likakataliwa. La tisa lilikuwa salt, yaani chumvi. Mfuko ukafunguka, na hela zilikuwemo, zote, hadi senti.

Nilimwekea simu karibu na uso. Aliiangalia akiwa bado amelala. Akasema, "Chumvi," basi. Akageukia ukutani akalala usingizi hadi saa kumi na mbili jioni.

Kuzigeuza kuwa shilingi kulichukua wiki mbili. Huku nako hakuna duka linalozipokea; aliuza kidogo kidogo kwa wafanyabiashara wanaoagiza mzigo nje, na kila mmoja alikata chake. Nilitegemea angekaa kwangu. Nilishampangia chumba cha wasichana. Akakodi fremu Ujiji, karibu na soko, na chumba nyuma yake. Alinishukuru kwa migebuka.

Mwezi ulipita sijamwona. Jumamosi moja nikaenda. Alikuwa anashona sare, sindano ameibana mdomoni. Ukutani alikuwa ametundika vitambaa vipya vya makochi, vya ndege, vya maua, kimoja cha maua ya njano.

"Nataka kile," nikasema.

Akatoa sindano. "Elfu kumi na tano."

"Mimi?"

"Wewe hasa."

Nikafungua mkoba, nikalipa. Akakishusha, akakikunja mara mbili, akanyoosha mkono kuchukua mfuko wa kukitia.

"Usikifunge," nikasema.

Akaniangalia kidogo, akanipa hivyo hivyo, akarudi kwenye cherehani. Kiko kwenye kochi kubwa sebuleni. Kinateleza, kinakunjamana, kila mtu akiinuka nakinyoosha.